Chuma, Mizani na Nyumba ya Maskini



Watu wanaoichunguza dini ya Islam hutuuliza mara kwa mara swali moja ambalo kwa kweli ni la haki kabisa. Husema: "Dini yenu yafundisha sala, saumu na Hija, na hayo ni mema, lakini mtu ambaye watoto wake hulala chini ya bati linalovuja, dini hiyo yampatia nini hapa duniani?" Vijana waliosoma huongeza kwamba umaskini utaondolewa na mashine na elimu ya sayansi, wala si na misikiti. Na kwa upande wa pili wako Waislamu wacha Mungu, hasa miongoni mwa wazee wetu, ambao wakiona nyumba ya jirani imebomolewa na mvua husema tu kwamba hiyo ni kudura, na maskini hana budi kusubiri malipo yake Akhera.

Makundi haya mawili yaonekana kupingana, lakini yamekosea mahali pamoja. Yote mawili yadhani ya kuwa mashine ni kitu cha dunia na uchaji ni kitu cha mbinguni, na kwamba kimoja hakina habari na kingine. Kurani Tukufu haikubaliani nayo hata kidogo, na katika makala haya twataka kumwonyesha msomaji jambo hilo kwa dalili, tena tukichukua mfano wa jambo lililo karibu mno na maisha yetu, yaani nyumba.

Kwanza tutazame haki yenyewe. Katika Sura Taha, Mwenyezi Mungu Anapomweleza Adamu a.s. hali ya bustani aliyowekwa, Anamhakikishia mambo manne: kwamba humo hatakuwa na njaa, wala hatakuwa uchi, wala hatapatwa na kiu, wala hataunguzwa na jua. Wengi huisoma aya hiyo wakidhani ni habari ya Pepo ya baada ya kufa. Lakini Hadhrat Mirza Bashiruddin Mahmud Ahmad, Khalifa wa Pili wa Masihi Aliyeahidiwa (r.a.), ameeleza kwamba humo mna msingi wa utawala wa kwanza wa wanadamu hapa hapa duniani: chakula, nguo, maji na makao. Jamii ambayo haimhakikishii kila mtu wake mambo hayo manne haijafikia hata daraja ya Adamu, ingawa iwe na majumba ya ghorofa mia. Naye Mtukufu Mtume Muhammad s.a.w., katika hadithi iliyopokewa na Tirmidhi, alipotaja vitu ambavyo mwanadamu ana haki navyo, alianza na nyumba ya kukaa, kisha nguo ya kusitiri mwili, kisha mkate na maji. Msomaji aangalie: nyumba imetajwa kuwa haki. Haikutajwa kuwa hisani ya tajiri.

Sasa je, haki hii itatimizwaje, ambapo kwa hesabu za shirika la makazi la Umoja wa Mataifa, lenye makao yake makuu Nairobi, watu wanaoishi katika mitaa ya mabanda duniani wamepita bilioni 1? Umoja huo huo uliutangaza mwaka 1987 kuwa ni mwaka wa kimataifa wa makazi kwa wasio na nyumba. Mikutano ikafanywa, hotuba zikasomwa, mwaka ukapita, na mabanda yakabaki. Kwa hiyo maneno peke yake hayajengi.

Hapa ndipo twakutana na aya ya ajabu katika Sura Al-Hadid, na jina lenyewe la sura hiyo maana yake ni Chuma. Mwenyezi Mungu Anaeleza humo kwamba Aliwatuma Mitume Wake kwa hoja zilizo wazi, Akateremsha pamoja nao Kitabu na Mizani ili watu wasimamie uadilifu. Kisha Akateremsha chuma, ambacho ndani yake mna nguvu kali na manufaa kwa watu. Basi chuma kimehesabiwa pamoja na Kitabu! Mtu awezaje tena kusema ya kuwa mashine haihusiani na dini? Lakini msomaji asiupuuze mpango wa maneno hayo. Kimetangulia Kitabu, ikafuata Mizani, na chuma kikaja mwisho. Chuma kikitangulia Mizani, ile nguvu kali humwangukia mnyonge na yale manufaa humwendea mwenye nguvu. Mizani ikitangulia, chuma hicho hicho huwa rehema.

Tuone sasa jinsi Mtukufu Mtume s.a.w. alivyoitumia kanuni hii kwa mtu mmoja maskini. Imepokewa katika kitabu cha Abu Daud kwamba mtu mmoja katika Ansari, yaani wenyeji wa Madina, alimjia Mtume s.a.w. akiomba. Mtume s.a.w. akamwuliza kama nyumbani kwake hamna kitu chochote. Akajibu kwamba mna nguo moja nzito, ambayo hujifunika sehemu yake na kutandika sehemu yake, na bakuli la kunywea maji. Akaamriwa avilete. Mtume s.a.w. akavishika kwa mkono wake mtukufu na kuvinadi mbele ya watu. Mmoja akatoa dirhamu moja, Mtume s.a.w. akauliza mara mbili au tatu ni nani atakayezidisha, hata mwingine akatoa dirhamu mbili. Akampa yule Ansari dirhamu hizo, akamwagiza anunue chakula cha nyumbani kwa moja, na kwa nyingine anunue shoka na kumletea. Shoka lilipoletwa, Mtume s.a.w. mwenyewe alilitia mpini kwa mkono wake, akamwambia aende akakate kuni na kuuza, wala asimwone kwa siku kumi na tano. Mtu yule aliporudi alikuwa na dirhamu kumi, akanunua nguo na chakula.

Twaomba msomaji asipite haraka hapa. Ingekuwa rahisi kwa Mtume s.a.w. kuwaomba masahaba wamchangie maskini huyo, nao wangetoa bila kusita. Ingekuwa rahisi pia kumwambia avumilie. Hakufanya hivyo. Alitafuta kwanza mtaji katika nyumba ya maskini mwenyewe, hata ikawa ni nguo ya kulalia. Alihakikisha kwamba watoto wanakula siku ile ile, kwani mwenye njaa hawezi kungoja faida ya mwezi ujao. Alinunua chombo cha kazi, na kwa zama hizo shoka la chuma ndilo lililokuwa mashine. Mpini akautia yeye mwenyewe, maana chombo kisicho na mpini ni kipande cha chuma tu. Na chombo kikawa mali ya maskini. Hakupewa mfanyabiashara wa kuni ili amwajiri yule Ansari kwa ujira wa mkate. Sisi twaona ya kuwa katika kisa hiki kifupi mna elimu ya uchumi ambayo wataalamu wengi waliotumwa katika nchi zetu, pamoja na ripoti zao nene, hawakuifikia.

Je, katika zama zetu shoka hilo ni lipi? Kwa upande wa nyumba tutaje moja ambalo limekwisha jaribiwa katika nchi nyingi. Katika miaka ya 1950 mhandisi mmoja wa Chile, Raúl Ramírez, aliyekuwa akifanya kazi katika kituo cha utafiti wa nyumba huko Bogotá, Colombia, alibuni mashine ya mkono ya kushindilia matofali ya udongo. Ni sanduku la chuma lenye kifuniko. Ndani yake bamba lapanda na kushuka, na juu yake pana wenzo mrefu wa kuvutwa na mtu. Uzito wake wazidi kidogo kilo 60, hata watu wawili waweza kuibeba kutoka kiwanja hadi kiwanja. Haitaki umeme wala mafuta. Udongo huchekechwa, ukachanganywa na saruji kidogo, pengine sehemu moja ya saruji kwa sehemu kumi au kumi na mbili za udongo kwa kadiri ya aina yake, ukanyunyiziwa maji. Sanduku likijazwa hufunikwa, wenzo ukavutwa kwa nguvu, kisha ukarudishwa upande wa pili na tofali likatoka zima, lenye urefu wa sentimita 29 hivi, upana 14 na kimo 9. Matofali hupangwa kivulini, yakafunikwa na kutiliwa maji kwa muda wa wiki mbili hivi ili saruji ishike. Watu wachache wenye bidii waweza kufyatua matofali 300 hadi 500 kwa siku moja.

Mafundi wana njia nyepesi ya kujua kama maji yamekuwa kadiri. Hufinyanga donge mkononi, wakaliachia kutoka usawa wa bega lianguke mahali pagumu. Likivunjika vipande vichache, udongo uko tayari. Likitawanyika lote, maji ni machache. Na likibaki donge moja, maji yamezidi. Hiyo ni elimu ambayo mama asiyejua kusoma aweza kuifundisha kwa mwingine.

Faida ya mashine hiyo si nguvu ya ukuta pekee. Matofali yake hayachomwi. Kila aliyewahi kuona tanuri la matofali kijijini ajua ni magogo mangapi huliwa humo kwa siku chache, na ni vilima vingapi vimebaki vipara kwa sababu hiyo. Tena udongo hupatikana pale pale kiwanjani au karibu yake, na mzigo wa kusafirisha hupungua. Baadaye wabunifu wengine waliongeza ulimi na mfuo katika tofali, hata likawa linaingiana na mwenzake bila kutumia saruji nyingi ya kuungia. Katika Tanzania wakala wa serikali wa utafiti wa nyumba na vifaa vya ujenzi umewafundisha watu kutumia matofali hayo ya kufungamana, na katika Kenya na Uganda pia yamejengewa nyumba na shule.

Mashine hiyo ina kitu gani kipya? Udongo upo tangu Adamu. Wenzo ulijulikana tangu zama za kale, na saruji ilikuwapo kabla ya Ramírez kuzaliwa. Alichofanya ni kufikiri: alivikutanisha vitu vilivyokuwa mbali mbali, akiwa na maskini machoni pake. Kurani Tukufu, katika Sura Aal Imran, yawasifu wale wamkumbukao Mungu kwa kusimama, kwa kukaa na kwa kulala ubavu, nao hufikiri juu ya uumbaji wa mbingu na ardhi. Dhikri na fikra zimewekwa pamoja katika sifa moja ya waumini. Waislamu wengi wameishika dhikri na fikra wakawaachia wengine, kisha wakastaajabu kwa nini wengine wamewatangulia.

Wala mtu asiseme kwamba mawazo kama haya ni ya wageni na hayafai kwetu. Mwaka wa tano wa Hijra, makabila ya Arabuni yalipoungana ili kuifuta Madina, Salman Mwajemi r.a. ndiye aliyetoa shauri la kuchimba handaki, jambo la kivita lililojulikana kwao Uajemi na lisilojulikana kwa Waarabu. Mtukufu Mtume s.a.w. hakuuliza wazo hilo limetoka kabila gani. Alilikubali, akawagawia masahaba sehemu za kuchimba, naye mwenyewe akabeba udongo hata vumbi likamfunika tumbo lake. Kadhalika ulipojengwa msikiti wa Madina, kiwanja kilikuwa mali ya mayatima wawili, Sahl na Suhail. Walitaka kukitoa bure, lakini Mtume s.a.w. alikataa ila kukinunua. Kuta zilikuwa za matofali ya udongo, nguzo za magogo ya mitende na paa la makuti yake. Yasimuliwa kwamba mtu mmoja wa Yamama, jina lake Talq bin Ali r.a., alikuwa hodari katika kuchanganya udongo, na Mtume s.a.w. aliagiza kwamba kazi ya udongo aachiwe yeye, kwa kuwa ndiye aliyeijua zaidi. Na ubavuni mwa msikiti huo kikawekwa kivuli, kiitwacho Suffa, wakakaa humo wale wasio na nyumba. Kwa hiyo nyumba ya Mungu ilipoanza tu, ilikuwa pia makao ya maskini.

Sasa twapaswa kusema na upande wa pili, maana kuisifu mashine tu ni kumdanganya msomaji. Mashine haina dhamiri. Ile mashine ya matofali ikinunuliwa na mtu mmoja tajiri wa mtaa, akafyatua na kuwauzia maskini kwa bei ile ile ya matofali ya saruji tupu, amefanya biashara halali, lakini maskini hakupata kitu ila duka jingine. Katika miaka ya karibuni imetokea mashine kubwa zaidi, inayoongozwa na kompyuta, ambayo humimina zege laini tabaka juu ya tabaka hadi ukuta ukasimama. Mwaka 2021, katika wilaya ya Salima, Malawi, kuta za darasa moja zilisimamishwa hivyo kwa muda wa saa 18. Ni ajabu kubwa, na twamshukuru Mungu Aliyempa mwanadamu akili hiyo. Lakini katika Kilifi, Kenya, nyumba zilizojengwa kwa njia hiyo hiyo ziliuzwa kwa mamilioni ya shilingi. Mchukuzi wa bandarini hawezi kuzinunua, ingawa kuta zake zilisimamishwa kwa siku chache. Upesi wa mashine haukumfikia yeye. Ulibaki kwa mwenye mashine na mwenye fedha.

Ziko sababu nyingi za jambo hilo. Moja ni kiwanja, kwani hakuna mashine yoyote inayotoa hati ya ardhi. Na mtu anayehofu kufukuzwa kesho hatajenga kwa tofali imara leo. Lakini sababu ambayo Kurani Tukufu imeikemea kwa ukali kuliko zote ni riba. Tuseme fundi cherehani amekopa shilingi milioni 10 ili ajenge vyumba viwili, naye atalipa kwa miaka 10 kwa riba ya asilimia 18 kila mwaka kwa deni lililobaki. Hesabu yenyewe yaonyesha kwamba akilipa sawasawa kila mwaka, atakuwa ametoa karibu shilingi milioni 22 na robo. Yaani amejenga nyumba yake moja, na kumjengea mkopeshaji zaidi ya nyumba nyingine kama hiyo. Na akiugua mwaka wa saba, hupokonywa hata ile moja. Mashine imempunguzia gharama ya ukuta, riba imezirudisha zote na kuongeza. Watu husema kwamba Islam iliharimisha riba kwa sababu ya hali ya Waarabu wa kale. Basi waje waitazame hesabu ya fundi cherehani huyu, nao waseme ni kitu gani kilichobadilika.

Badala ya riba Islam imeweka zaka, ambayo katika Sura At-Tauba mafungu yake yametajwa, wakiwamo mafakiri, maskini na wenye madeni. Wengi wetu huigawa zaka kwa sarafu chache mlangoni siku ya Ijumaa, jambo ambalo humfanya maskini arudi Ijumaa ijayo. Imam Nawawi, mwanachuoni mkubwa wa madhehebu ya Shafii ambayo watu wa pwani yetu wayafuata, ameeleza kwamba mwenye ufundi apewe katika zaka kiasi cha kununulia vyombo vya kazi yake. Hilo ndilo lile shoka! Nini kinachozuia zaka ya mtaa mmoja, badala ya kumwagwa kama maji mchangani, kununua mashine moja ya matofali ikawa mali ya mafakiri kumi wa mtaa huo, wakafyatua kwa zamu, na nyumba ya kwanza ikawa ya mjane?

Katika Sura Al-Kahf tunasoma habari za Dhul-Qarnain, mfalme mwadilifu aliyewajia watu walioonewa na Yaajuj na Maajuj. Watu hao walimwahidi fedha ili awajengee ukuta. Akajibu kwamba alichopewa na Mola wake ni bora, akataka wamsaidie kwa nguvu zao. Wakaleta vipande vya chuma, wakavukuta moto, ikamiminwa shaba iliyoyeyushwa juu yake. Yeye alikuwa na elimu, wao walikuwa na mikono, na ukuta ulisimama kwa mambo hayo mawili. Mwenye elimu asiyewashirikisha watu hushindwa hata akiwa na nia njema. Msanifu majengo mashuhuri wa Misri, Hassan Fathy, katika miaka ya 1940 alipewa kazi ya kujenga kijiji kipya cha Gourna, karibu na Luxor. Aliwaleta waashi wa Kinubi waliojua kujenga paa la mviringo kwa matofali ya udongo bila nguzo wala mbao za kulishikilia, maana mbao ndizo zilizokuwa ghali. Ubunifu wake wafundishwa ulimwenguni hadi leo. Lakini wengi katika watu wa Gourna walikataa kuhamia huko, kwa sababu serikali ilitaka kuwaondoa juu ya makaburi ya kale, na riziki yao ilikuwa hapo hapo. Kijiji hakikukamilika. Nyumba ni zaidi ya kuta, na maskini naye ana akili ya kuulizwa.

Msomaji mgeni aweza kuuliza: "Na ninyi Waahmadiyya mmefanya nini?" Ni haki yake kuuliza. Mwaka 1905 Masihi Aliyeahidiwa, Hadhrat Mirza Ghulam Ahmad a.s., aliweka mpango wa Wasia, ambao kwao waumini huahidi kwa hiari yao sehemu ya kumi au zaidi, hadi theluthi, ya mali yao kwa ajili ya dini na wanadamu. Tarehe 27 Desemba 1942, vita vikuu vikiwaka, Khalifa wa Pili r.a. alieleza katika mkutano wa mwaka huko Qadian jinsi mpango huo utakavyoweza kuwapatia watu chakula, nguo, makao, dawa na elimu bila kuwanyang'anya matajiri kwa bunduki na bila kuwaacha maskini katika mikono ya wakopeshaji. Kabla yake alikuwa amewaamuru vijana wa Jumuiya waishike Waqare Amal, yaani heshima ya kazi ya mikono, naye mwenyewe akabeba karai la udongo. Mwaka 1980 Khalifa wa Tatu, Hadhrat Mirza Nasir Ahmad (r.h.), aliasisi umoja wa kimataifa wa wasanifu majengo na wahandisi Waahmadiyya. Wanachama wake wamekwenda katika vijiji vya Afrika kutengeneza pampu za maji zilizoharibika, kuweka taa za jua na kujenga vijiji vya mfano. Twaitaja hasa ile kazi ya pampu. Kuchimba kisima kipya hupendeza katika picha. Kurudi na kulitia pampu bovu kipuli chake ndiko kulitia shoka mpini.

Mwaka 1982, baada ya kufunguliwa msikiti wa Basharat huko Pedro Abad, Hispania, Khalifa wa Nne, Hadhrat Mirza Tahir Ahmad (r.h.), alitangaza mpango wa Buyutul Hamd, Nyumba za Shukrani. Maana yake ilikuwa kwamba, kwa kuwa Mungu Ametujalia kumjengea nyumba katika Hispania, nasi tumshukuru kwa kuwajengea maskini nyumba. Nyumba zikajengwa Rabwah na mahali pengine. Kazi hiyo ni ndogo ikilinganishwa na shida ya dunia, wala hatusemi vinginevyo. Jumuiya yetu si tajiri, na katika nchi kadhaa yateswa. Lakini fedha zake hutoka kwa mchuuzi na kwa mwalimu, bila riba na bila sharti la kisiasa.

Basi ewe ndugu, kama umeingia Islam karibuni na ungependa kulianza jambo hili, usingoje mashine. Anza na chupa. Chukua chupa nyeupe ya kioo yenye pande zilizonyooka, uijaze udongo wa kiwanjani kwako hadi theluthi moja, baada ya kuondoa tabaka la juu lenye mizizi na majani. Tia maji na chumvi kidogo, ifunge, uitikise sana, kisha uiache mpaka kesho. Mchanga utakuwa umetua chini, udongo laini juu yake, na mfinyanzi juu kabisa. Mchanga ukiwa zaidi ya nusu na mfinyanzi ukiwa kidogo, udongo wako wafaa kwa tofali. Lakini ukiwa ni ule mweusi wa mbugani, ambao hupasuka nyufa wakati wa kiangazi, usiutumie hata ukiambiwa ni wa bure. Ichukue chupa hiyo Ijumaa, na sala ikiisha uiweke mbele ya waashi waliopo msikitini, uwaulize ni nani kati ya majirani ambaye nyumba yake haitavuka masika yajayo.